Shangazi Alipopewa Kiti cha Heshima

Watu wakija nyumbani kwa shangazi yangu kule Magamba, siku hizi huomba kwanza waione tuzo. Wanaletewa. Ni kipande cha kioo kizito kilichosimama juu ya kibao cheusi, kina maandishi ya Kiingereza na jina lake. Wanakishika kwa mikono miwili, wanasema "aisee", wanakirudisha polepole. Kisha wanakaa wima kwenye makochi, wanakunywa chai bila kelele, wanaaga kwa adabu zote. Mimi nikiwepo huwa natamani mmoja wao amwambie shangazi kwamba chai yake ni maji ya mtaroni. Hakuna anayethubutu, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Lazima nieleze utani, kwa sababu vijana wa sasa wakisikia neno hilo wanafikiria vichekesho vya kwenye simu. Sisi na kabila jingine la huku huku Katavi ni watani tangu enzi za mababu. Siyataji makabila, wenyewe wanajijua, na nikiyataja nitaletewa kesi dukani. Mtani anaruhusiwa mambo ambayo hata ndugu wa tumbo moja haruhusiwi. Anaweza kuingia kwako akaondoka na jogoo, akakwambia babu yako aliuzwa kwa kisahani cha chumvi, na wewe unatakiwa ucheke au umjibu vibaya zaidi. Kazi yake kubwa ni msibani. Wafiwa wanalia, yeye anavaa koti la marehemu na kuigiza alivyokuwa akitembea akitoka kilabuni. Anawamwagia watu majivu. Anajilaza kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Ukimkasirikia mtani umejiaibisha wewe pamoja na ukoo wako wote.

Shangazi, mjane wa siku nyingi, alikuwa bingwa wa hayo. Mimi kipaji hicho sina hata kidogo. Nina duka la stesheneri karibu na soko la Mpanda, natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, napiga picha za pasipoti, na wateja wangu wanajua kwamba mtu akiniletea karatasi yenye mafuta ya chapati nitamfukuza. Shangazi alikuwa akisema Mungu alipogawa maneno matamu, mimi nilikuwa kwenye foleni ya pilipili.

Sasa, huku kwetu mtoto akifa kwa homa, au ng'ombe wakiisha kwa ugonjwa, kuna watu hawatafuti sababu mbali. Wanaangalia ni kikongwe gani jirani ana macho mekundu. Macho ya bibi aliyepuliza moto wa kuni maisha yake yote yatakuwa na rangi gani nyingine? Lakini ndivyo ilivyo. Neno linaanza chinichini, watu wanachangishana, wanaita lambalamba, wale wanaozunguka vijijini na kudai kwamba wanafichua wachawi. Lambalamba akishamnyooshea bibi kidole, bibi huyo hana tena mahali salama pa kulaza kichwa. Wengine wamekatwa mapanga. Mmoja nilishampiga picha ya kitambulisho dukani kwangu, akaniuliza kama ametoka vizuri. Nilimwambia ametoka vizuri. Haikupita muda nikasikia habari zake.

Shangazi hakuwa na ofisi wala fulana yenye maandishi mgongoni. Alichokuwa nacho ni utani. Akisikia neno limeanza mahali penye watani wetu, alikwenda msibani kabla matanga hayajaanuliwa na kabla lambalamba hajafika. Aliingia kwa fujo, akamwaga majivu, akawatukana wafiwa mpaka wakacheka na machozi yao. Watu wakishacheka ndipo anaanza: "Nasikia mna mchawi hapa. Yuko wapi? Huyu? Huyu asiyeweza hata kumfukuza kuku kwenye mtama, ndiye anayepaa na ungo? Nyie watu waongo tangu zamani. Kama ni mchawi, basi ni wangu, nimemteka." Anamshika bibi mkono, anambebesha kigoda chake, anaondoka naye. Mzee mwenye msiba lazima ajibu, naye ajibu kwa utani, na akishajibu mbele ya watu ndiyo basi, amekwisha kumtoa bibi yule mikononi mwa kijiji. Hawezi kugeuka. Mateka wa mtani hafuatwi.

Mateka hao walikaa Magamba mpaka ndugu zao wa mbali walipowachukua, na wengine hawakuchukuliwa. Walimsaidia shangazi kupukuchua mahindi na kugombana naye kutwa nzima.

Habari hizi zilimfikia wakili mmoja kijana aliyekuja Mpanda kutoka Dar es Salaam kutoa semina ya sheria. Akaandika mahali. Miezi ikapita, kisha kwenye barua pepe ya duka langu, maana shangazi hana ya kwake, ukaingia ujumbe kutoka Ulaya: kuna tuzo ya kimataifa ya watetezi wa haki za binadamu na uhuru wa fikra, na shangazi yangu amechaguliwa kuwa mmoja wa watakaoipokea. Niliusoma nikijua ni matapeli. Wakili akathibitisha kwa simu, akiwa na furaha kuliko sisi.

Tukazungumza nao kwa video pale pale dukani, mlango nimeufunga ili wateja wasitusumbue. Upande wa pili alikuwepo mama mmoja wa makamo, mpole. Yeye anauliza, mimi natafsiri. Shangazi akataka kwanza aambiwe uhuru wa fikra ndiyo nini. Nikamwambia ni haki ya mtu kufikiri anavyofikiri, hata kama haamini wanachoamini wenzake.

"Basi waambie wamekosea mtu," akasema. "Mimi naamini uchawi upo. Ninachosema ni kwamba hawa mabibi hawana."

"Shangazi, hilo tusiliseme."

"Sema hivyo hivyo nilivyosema. Wasije wakanipa kitu cha mtu mwingine."

Nikasema hivyo hivyo, jasho linanitoka. Yule mama akatabasamu, akasema tuzo ni ya aliyoyafanya. Akaongeza kwamba mtu anayeamini jambo, na bado akasimama kumkinga anayesingiziwa jambo hilo hilo, hawampati kila siku. Nilipomtafsiria shangazi akasema huyo mama ana akili, na anafaa kuolewa huku kwetu. Hilo la mwisho sikulitafsiri. Siwasemi vibaya watu wale. Walikuwa waungwana mwanzo hadi mwisho, na waliyoyasema juu ya shangazi yalikuwa kweli tupu. Nilijivuna mno. Nilipokuwa nachapa barua yake ya viza nililia, mimi ambaye silii ovyo.

Shida ilianza redio ya hapa mjini ilipoipata habari. Wakamwita shujaa wa Katavi. Kiongozi mmoja akaja Magamba na msafara wa magari kumpa mkono, na picha yao ikazunguka kwenye simu za watu mpaka Kigoma.

Pale sokoni kuna muuza nyama, mtani wetu, ambaye miaka yote hakuwahi kumuuzia shangazi nyama bila kumtukana. Ungemsikia kutoka mbali: "Leo mmeamua kula nyama, panya wameisha huko kwenu?" Jumamosi moja baada ya mambo ya redio, shangazi akaja dukani na kifurushi chake, akakaa kwenye benchi la wateja, akakipakata kwa mikono miwili.

"Umeibiwa?" nikamuuliza.

"Amenikatia steki. Amesema, hongera sana, mama yetu. Amenipa mkono."

"Kwani vibaya?"

"Hajanitukana," akasema.

Nikamwambia mtu mzima hahuzuniki kwa kukosa matusi, na kwamba hiyo steki kama haitaki nitaila mimi. Nilikuwa na foleni ya wanafunzi wanaotaka fotokopi. Akachukua nyama yake akaondoka.

Ilikuwa imebaki muda mfupi asafiri kwenda Ulaya, simu ikaja kutoka kijiji kimoja mbele ya Usevya. Mtoto mdogo amefariki kwa homa. Bibi jirani, mjane asiye na mtoto aliye hai, ndiye aliyempa muwa kabla hajaanza kuumwa. Neno limeshaanza. Lambalamba ameshatumiwa nauli, anasubiriwa siku ya kuanua matanga. Aliyepiga alikuwa mwanamke mmoja wa pale pale kijijini, mwenye huruma na mwenye woga, akaomba tusimtaje. Shangazi akaniambia nifunge duka nimsindikize, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba.

Tukatoka Mpanda asubuhi, tukapita Sitalike tukakatiza mbugani, mbung'o wakatuuma kama kawaida yao, tukateremka mchana. Mpunga ulikuwa unavunwa, magunia yamepangwa kando ya barabara. Njia nzima shangazi alikuwa anajiandaa. Alimfahamu babu wa marehemu tangu ujana wao. Mzee yule ana pua kubwa, na pua hiyo ilikuwa na matusi yake maalumu.

"Msiba wa mtoto unautania kidogo tu," akaniambia. "Unamtukana babu. Mama humgusi."

Tulipoingia kwenye kiwanja cha msiba, wanaume waliokuwa kwenye mikeka wakasimama. Wote. Mwenyekiti wa kijiji akakimbia ndani, akarudi na kiti cha plastiki chenye mikono, akakifuta kwa shati lake. "Karibu mheshimiwa. Karibu sana mama. Tunakusikia redioni." Akaletewa soda, tena ya baridi, sijui waliitoa wapi. Wakamkalisha mbele, kati ya mwalimu mkuu na katekista.

Bibi tuliyemfuata alikuwa amekaa peke yake upande wa jikoni, chini kwenye udongo, miguu kainyoosha. Wanawake waliokuwa wanapika walizunguka mbali naye kila walipokwenda kuchota maji. Macho yake yalikuwa mekundu kweli, na siku hiyo yalikuwa yamelia pia. Alijua kinachomsubiri. Kila mtu pale alijua.

Shangazi akanywa funda moja la soda kwa adabu. Akainuka, akaenda jikoni, akachota majivu, akarudi akamrushia babu wa marehemu.

"Sogeza hiyo pua," akamwambia. "Inatuzibia hewa wenzako."

Hakucheka mtu. Mzee akajipangusa majivu usoni taratibu, akainamisha kichwa. "Asante mama," akasema. "Tunashukuru kwa kuja kutufariji."

Akajaribu tena. Akamvua mwenyekiti kofia, akaivaa yeye. Mwenyekiti akasema anaweza kuichukua kabisa, iwe zawadi. Kijana mmoja akatoa simu akaanza kumpiga picha. Shangazi akabaki amesimama katikati ya kiwanja na kofia ya mtu kichwani, anatazama uso mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona hana la kusema. Iliniuma sana. Watu wale walikuwa wanampenda. Walikuwa wanamheshimu kutoka moyoni, na heshima yenyewe ndiyo iliyomfunga mdomo.

Mwenyekiti akamrudisha kitini. Akamnong'oneza, lakini mimi nilikuwa nyuma ya kiti na nilisikia, kwamba kama amekuja kwa lile suala la bibi asiwe na wasiwasi, serikali ya kijiji italifanyia kazi na polisi wataarifiwa.

"Polisi wakija watakaa mpaka lini?" shangazi akamuuliza.

"Watakuwepo siku hiyo."

"Na kesho yake?"

Mwenyekiti akampa tena soda yake mkononi.

Mimi sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimesimama na mkoba wangu wa dukani, hasira zinapanda, namwangalia yule bibi kule kwenye udongo na soda huku mkononi mwa shangazi inaanza kupata moto. Nikainama, nikamnyang'anya shangazi ile soda. Watu wakaguna. Nikakatiza kiwanja, nikampa bibi chupa mkononi, kisha nikageuka na yakanitoka.

Sikutunga utani. Nilikuwa na hasira za kweli. "Nyie wanaume hamna haya!" nikasema. "Mnachangishana nauli ya lambalamba, mbona hamkuchangishana nauli ya kumpeleka mtoto hospitali? Eti muwa! Mnakula miwa tangu mzaliwe, mbona hamjafa tukapumzika?"

Nikajua nimeharibu, na kwamba pengine tutapigwa. Halafu kutoka mikeka ya nyuma mzee mmoja akasema kwa sauti ya kichovu, "Haya, mtani amefika. Yule wa kwanza alikuwa mgeni rasmi."

Kicheko kilianzia kwake, kikaenda mpaka mbele. Sijawahi kuchekwa vile. Nikawauliza wanacheka nini, wakazidi. Nikasema nitawachapa, wakashikana mabega. Kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyocheka, maana hasira ya mtani haihesabiwi kuwa hasira. Wanawake wa jikoni waliacha mwiko kwenye sufuria. Mama wa marehemu tu, aliyekuwa mlangoni na kanga kichwani, hakucheka. Alinitazama. Nilishindwa kumtazama muda mrefu.

"Huyu nimemteka," nikasema, nikamshika bibi mkono. "Nampeleka Magamba akanichungie kuku. Mkimtaka, leteni fahali mwenye akili kuliko nyie."

Kicheko kikaisha, macho yote yakaenda kwa babu wa marehemu. Mjukuu wake alikuwa kaburini, na watu wake mwenyewe walikuwa wameshamwambia nani wa kulaumiwa. Nadhani naye alikuwa amewaamini. Angesema neno moja tu la kawaida, bila utani, nasi tungerudi Mpanda wawili kama tulivyokuja. Akapenga kamasi kwenye leso. Akamtazama bibi, jirani yake wa miaka mingi, kwa muda.

"Mchukueni," akasema. "Anakula sana huyo. Atawamalizia unga, mtamrudisha wenyewe."

Wakaangua kicheko tena, na hapo kazi ikawa imekwisha. Mtu akaleta kigoda cha bibi na kanga zake mbili.

Kwenye gari nilitegemea shangazi anisifu. Bibi alikuwa katikati yetu, amekumbatia kigoda, anatazama mbele.

"Umemgusa mama," shangazi akasema.

"Najua."

"Usirudie."

Tukaingia mbugani. Kisha akasema, "Watakuwa wanakuita wewe sasa," na hakulisema kwa furaha. Aligeukia dirishani. Nilitaka kumwambia kwamba watu watazoea, kwamba tuzo ni jambo la msimu na redio itapata shujaa mwingine. Sikuweza, kwa sababu sikuamini. Ulaya alikwenda, na nilifurahi alivyokwenda, na nikipewa nafasi ya kujibu ujumbe ule upya nitajibu ndiyo. Lakini nilichokiona siku ile nilikiona. Walimpa sifa kwa kazi yake, na sifa ikamtoa kazini.

Asubuhi yake shangazi akakoroga uji, akampelekea bibi uani. Bibi hakuwa amesema neno tangu tutoke kijijini. Alipokea kikombe, akaonja, akamtazama shangazi kuanzia miguu iliyovimba mpaka kitambaa cha kichwani.

"Si ndiye wewe uliyekuwa umekaa kwenye kiti kama bibi harusi, mimi nasubiri kuuawa?" akasema. "Na uji wako hauna sukari. Ndiyo maana mumeo alikufa mapema."

Nilishtuka, nikasogea nimtetee. Shangazi akakaa chini pale pale, kwenye vumbi, akacheka mpaka sauti ikaisha. Machozi yakawa yanamtoka, akayafuta kwa kanga.

"Kunywa uji wako," akamwambia, "mchawi we."

Bibi akacheka mpaka akapaliwa.